Mhandisi wa umeme Lubumbashi: kwa nini anaitwa wakati rangi imekwisha kupakwa?

Lubumbashi, Haut-Katanga – Ghorofa zinapanda mjini. Katikati ya mji, kartie Golf, Bel-Air na hata ndani ya Kampemba, nyumba za zamani zenye mabati zinavunjwa na mahali pake panasimama hoteli, kliniki, shule na maduka yenye vyumba vya kupangisha juu. Mbele ya shantie kubwa kunawekwa bango lenye jina la mwenye jengo, la msanifu na la kampuni inayojenga. Jina la mhandisi wa umeme ni nadra kulikuta pale. Mara nyingi hajaitwa bado.

Ataitwa baadaye, wakati kuta zimekwisha kupigwa plasta, vigae vimewekwa na rangi imekauka. Hapo mwenye jengo atamwambia: "Weka tu lampi ziwake, mengine tutaona." Neno hilo "mengine tutaona" linagharimu mji huu pesa nyingi, na siku nyingine linagharimu roho za watu. Linaharibu pia kazi ya vijana wanaosoma miaka mingi ili wawe wahandisi wa umeme, halafu wakifika shantie wanakuta nafasi yao imechukuliwa na haraka.

Mhandisi wa umeme anapaswa kuwa mezani siku ya kwanza, plani ya jengo inapochorwa, na anapaswa kutia sahihi siku ya mwisho, jengo linapowashwa. Kati ya siku hizo mbili awe na haki ya kusema hapana. Lubumbashi ikikosa hilo itaendelea kujenga ghorofa nzuri kwa macho ambazo ndani yake hakuna anayejua waya umepita wapi.

Mji uliozaliwa na umeme

Ni ajabu kwamba jambo hili linahitaji kutetewa hapa, kwa maana miji michache ya Afrika imelelewa na umeme kama Lubumbashi. Union Minière du Haut-Katanga iliundwa 1906, na mji ukaanzishwa 1910 kwa jina la Élisabethville, kwa sababu ya shaba. Shaba haisafishwi bila nguvu. Mwaka 1930 kituo cha Mwadingusha juu ya mto Lufira kilianza kutoa umeme wa maji. Katika miaka ya 1950 vikafuata Nzilo na Nseke juu ya mto Lualaba. Kituo cha Nseke, wakati huo kikiitwa Le Marinel, kilipoanza kazi 1956, Katanga ilikuwa na umeme wa kutosha hata kuwauzia majirani wa kusini, kwenye migodi ya nchi ambayo leo ni Zambia, hadi Kariba ilipowaka. Siku hizi umeme unatoka Zambia kuja Katanga. Wazee waliofanya kazi kwenye laini hizo wanaijua vizuri historia hiyo iliyogeuka.

Kisha ikaja laini ya Inga-Shaba, iliyomalizika 1982: karibu kilomita 1,700 kutoka Inga hadi Kolwezi, umeme wa mkondo mmoja wa volti 500,000. Wakati ule ilikuwa laini ndefu kupita zote za aina yake duniani. Kuiendesha kulihitaji wahandisi na mafundi wa hapa hapa, watu waliojifunza kazi kwa kupanda ngazi.

Ngazi hiyo ilikuwa ndani ya Gécamines, ndani ya SNEL na ndani ya shirika la reli. Kijana akitoka shule anawekwa chini ya mkubwa. Mwaka wa kwanza anabeba vifaa na kuandika vipimo kwenye daftari. Baada ya miaka michache anaachiwa kabini moja aitunze, kisha karakana nzima. Wakati anaanza kutia sahihi yake kwenye plani, amekwisha kuona makosa ya wengine na amekwisha kukaripiwa kwa makosa yake mwenyewe. Ndivyo mhandisi anavyokomaa. Chuo kinampa hesabu, na mkubwa wake anampa macho.

Gécamines, ambayo katika miaka ya 1980 ilitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka, ilianguka katika miaka ya 1990. Mwaka 2003 ukaanza mpango wa kuondoka kwa hiari, na wafanyakazi zaidi ya 10,000 wakatoka. Familia nyingi za Lubumbashi, Likasi na Kolwezi zinakumbuka mpango ule kwa sababu ya pesa zilizotolewa na zilivyokwisha upesi. Kuna hasara nyingine iliyotajwa kidogo: siku ile ngazi ilivunjika. Wakubwa waliondoka na daftari zao, na vijana waliofuata hawakupata mtu wa kusimama nyuma yake.

Kijana wa leo anapitia wapi?

Masomo yapo. Chuo Kikuu cha Lubumbashi kina kitivo chake cha Polytechnique, na ndani yake kuna elektromekanika. Shule za ufundi za mji, kama ile ya Wasalesiani pale Salama, zimetoa mafundi wa umeme kwa miaka mingi. Kijana anayemaliza anajua kukokotoa mkondo, anajua mota, anajua transfoma. Amesoma kwa Kifaransa, atafanya kazi kwa Kiswahili, na akiajiriwa na kampuni ya kigeni atasoma maagizo ya mashine kwa Kiingereza au Kichina.

Baada ya hapo njia ni mbili. Ya kwanza ni migodi, Kolwezi, Fungurume, Likasi. Mshahara unafika kila mwezi, kuna sheria za usalama, kuna kofia na viatu, na kuna mtu wa kumuuliza. Kila familia inamwombea mtoto wake njia hiyo, wala hakuna anayeweza kuilaumu. Njia ya pili ni majengo ya mji. Huko hakuna mshahara wa mwezi, hakuna mkubwa, na bei inaanza kupunguzwa kabla kazi haijaelezwa. Mhandisi anashindana na mtu yeyote mwenye koleo na bisibisi.

Ndiyo maana wengi wenye uwezo wanakwenda migodini, na majengo yanabaki na waliobaki. Hata hivyo mgodi una uzio na walinzi, tena watu wanaoingia mle wamefundishwa kujikinga. Hoteli, shule na kliniki zinaingiwa na kila mtu, pamoja na mtoto wa miaka 3 anayeingiza kidole popote. Mahali penye hatari isiyoonekana ndipo mji unapoweka ujuzi mdogo.

Kazi yenyewe ni nini?

Wengi wanaona kazi hii ni kuvuta waya, kwa sababu waya ndio unaoonekana. Chukua mfano wa jengo la ghorofa 5, chini maduka, juu ofisi na vyumba. Lina viyoyozi 40, kila kimoja kilowati 1.2, jumla 48. Lifti inataka 11, pampu ya maji 5.5. Mashine za maji ya moto 10 za kilowati 2 zinaleta 20. Taa, kompyuta na soketi zote ziwe 40. Jumla ni kilowati 124.5.

Fundi asiyepiga hesabu atanunua kila kitu kwa jumla hiyo, au atakisia tu. Mhandisi anajua kwamba vyote haviwaki pamoja. Akikadiria kwamba sehemu 7 kati ya 10 ndizo zinazofanya kazi saa moja, anapata kilowati 87, na akihesabu namna mota zinavyovuta umeme anafika karibu kVA 100. Atachagua transfoma ya kVA 160 ili pabaki nafasi ya kukua. Mwenye jengo amekwisha kuokoa pesa kabla ya kununua hata mita moja ya waya.

Halafu inakuja delestaji, ambayo kila mkaaji anaijua bila kufundishwa. Umeme wa SNEL ukikatika, nini lazima kiendelee? Lifti, ili mtu asinaswe ndani. Pampu. Taa za ngazi. Friji ya dawa kama kuna kliniki. Vitu hivyo vinaweza kutoshwa na jenereta ya kVA 50, ile wakaaji wanayoiita grupu, wala haihitajiki ya 150. Lakini ili iwezekane, waya za vitu vya lazima zitenganishwe na waya za viyoyozi tangu plani ya kwanza, kila kundi na tablo yake. Kuta zikishafungwa, kuzitenganisha ni kuvunja. Wengi hawavunji. Wananunua grupu kubwa, linakunywa mazuti mchana na usiku, na mwenye jengo analaumu SNEL kwa gharama ambayo sehemu yake ilitoka kwenye plani yake mwenyewe.

Kuna wanaosema: umeme wenyewe haupo, mhandisi wa nini? Ni kinyume kabisa. Pale ambapo umeme unatoka sehemu moja na haukatiki, jengo linaweza kusamehe uzembe kidogo. Jengo la Lubumbashi lina SNEL, lina grupu, lina paneli za jua juu ya paa, lina betri na onduleri chini ya ngazi. Hiyo ni centrale ndogo ya umeme, na vyanzo vyote hivyo lazima vifahamiane. Kama hakuna kibadilishio kinachozuia vyanzo viwili kukutana, grupu linaweza kurudisha umeme kwenye laini ya barabarani. Fundi wa SNEL aliyepanda nguzo akiamini laini imekufa anakutana na umeme uliotoka nyuma ya duka la mtu. Kibadilishio hicho kina bei ndogo mbele ya mazishi.

Udongo wa Katanga na radi zake

Kitabu kinachotumika hapa mara nyingi ni cha Ufaransa au cha Ubelgiji. Ni kitabu kizuri, lakini hakikuandikwa juu ya udongo wa Katanga, na hapo ndipo mhandisi anayeujua mji anapohitajika.

Kila jengo linahitaji waya wa kwenda udongoni. Mashine ikiharibika na umeme ukashika bati lake la nje, waya huo unaupeleka ardhini, na kifaa cha kukata, kinachohisi hata miliampea 30 zinazopotea, kinazima kabla moyo wa mtu haujasimama. Ili kazi hiyo ifanyike, fimbo iliyopigwa ardhini lazima ishikane vizuri na udongo. Mwezi wa Januari, mvua ikinyesha kila siku, udongo umelowa na vipimo vyote vinatoka vizuri. Mwezi wa Septemba, baada ya miezi mitano bila mvua, udongo ule ule ni mkavu kama tofali na haupitishi umeme kama zamani. Jengo lililopimwa Januari peke yake halijapimwa. Mhandisi mwangalifu anapima mwisho wa kiangazi, na kipimo kikiwa kibaya anaongeza fimbo au anazishusha zaidi.

Tena radi za kwanza za mwaka zinakuja mvua inapoanza tu, wakati udongo wa chini haujalowa bado. Jengo refu ndilo linalozivuta. Kwa hiyo hatari inafika wakati kinga ni dhaifu. Mambo haya fundi mzee wa Lubumbashi anayajua kwa macho, na mhandisi anayajua kwa kipimo. Wakikaa pamoja jengo linapona.

Kuna jambo jingine la aibu kwa mji wa shaba. Katika masoko ya Afrika zinauzwa waya ambazo nje zina rangi ya shaba na ndani ni alumini. Alumini inapitisha umeme kwa karibu sehemu 6 kati ya 10 za shaba ya unene ule ule. Waya kama huo ukipewa mzigo uliohesabiwa kwa shaba, unapata moto ndani ya ukuta, polepole, kwa miezi, bila mtu kuona. Kuutambua si kazi ngumu: kata kipande, kikwangue kwa kisu, tazama kama ndani ni cheupe. Au pima uzito, kwa sababu shaba ni nzito zaidi ya mara tatu kuliko alumini. Mtu anayepaswa kufanya hivyo ni yule mwenye mamlaka ya kukataa mzigo wakati lori limekwisha kufika na mwenye jengo anasema wanachelewa. Mamlaka hayo fundi wa siku hana. Akikataa leo, kesho anaitwa mwingine.

Pale ambapo "mengine tutaona" haiwezekani

Kliniki na hospitali ndizo zinazoonyesha wazi thamani ya kazi hii. Umeme ukikatika, grupu linahitaji sekunde kadhaa ili liwake na lishike mzigo. Dukani, sekunde hizo ni mzaha tu. Mama akiwa juu ya meza ya upasuaji, sekunde hizo ni ndefu. Kwa hiyo taa ya upasuaji na mashine za kupumulia lazima ziwe na betri zinazoziba nafasi hiyo, na betri lazima zijaribiwe kila mara, kwa sababu betri inaweza kufa kimya miezi mingi kabla haijahitajika. Umeme wa chumba cha upasuaji unatenganishwa na ule wa jengo lote, ili hitilafu ya pasi ya kufulia isizime mashine inayomshikilia mgonjwa. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachoweza kuongezwa vizuri baada ya rangi. Vyote vinataka nafasi, vyumba na njia za kebo ambazo msanifu lazima aziache wakati anachora.

Nchi hii imekwisha kupewa onyo. Tarehe 2 Februari 2022, kebo ya umeme mkubwa ilikatika na kuanguka kwenye soko la Matadi-Kibala, Kinshasa. Watu 26 walikufa, wengi wao mama waliokwenda kuuza na kununua. Ile ilikuwa laini ya nje, si waya za ndani ya jengo, na mambo hayo mawili yasichanganywe. Lakini soko lile na laini ile vilikaa pamoja mahali pamoja, bila mtu mwenye sauti ya kusema kwamba vitu hivyo viwili havikai pamoja. Hali hiyo hiyo inaweza kukutwa Lubumbashi, pale ghorofa ya pili inapojengwa hadi balkoni yake inakaribia waya za barabarani. Mtoto akinyoosha mkono na fimbo ya kuanika nguo, hakuna tena wa kuulizwa.

Fundi si adui

Mtu anaweza kudhani kwamba hoja hii inawadharau mafundi. Haiwadharau. Nyumba nyingi za Katuba, Kenya na Ruashi zinawaka leo kwa sababu ya mafundi ambao hawakupata bahati ya chuo, na wengi wao wana mikono ambayo mhandisi mpya anaihitaji sana. Mhandisi asiyesikiliza fundi atachora njia ya kebo inayopita katikati ya nguzo ya zege. Fundi asiye na mhandisi ataweka kebo ya unene aliouzoea, hata kama jengo limeongezeka ghorofa mbili. Kijana mwenye diploma anayefika shantie na kumwita fundi wa miaka 60 kwa jina lake tupu, bila kusema "papa", amekwisha kupoteza nusu ya masomo ambayo angepata pale.

Wanawake pia wanapaswa kutajwa. Wapo wasichana wanaosoma elektromekanika, lakini shantie za mji bado zinawapokea kwa maneno ya kuwavunja moyo. Kupima udongo, kukokotoa mzigo na kusoma plani havihitaji misuli ya mwanamume. Mji unaolalamika kwamba hauna wahandisi wa kutosha hauwezi kuwafukuza nusu yao mlangoni.

Kuhusu bei, ni kweli kwamba mhandisi analipwa, na mwenye jengo ana haki ya kuuliza analipia nini. Jibu lipo kwenye mfano wa juu: grupu lisilopita kipimo, transfoma inayofaa, kuta zisizovunjwa mara ya pili, mazuti yasiyochomwa bure. Anayekataa kumlipa mhandisi mwanzoni atamlipa muuza mazuti kila wiki.

Nini kifanyike?

Kwanza, ofisi zinazotoa ruhusa ya kujenga ziombe plani ya umeme pamoja na plani ya kuta kwa kila jengo la ghorofa na kila jengo linaloingiwa na watu wengi, na plani hiyo iwe na jina na sahihi ya mhandisi. Sahihi inamfanya mtu alale macho wazi, na ndivyo inavyotakiwa.

Pili, jengo lisiwashwe kabla ya kupimwa. Vipimo vya msingi havichukui wiki nzima: ngozi ya waya ijaribiwe kwa volti 500, waya wa udongoni upimwe, kila kifaa cha kukata kibonyezwe kionekane kinakata, grupu lizimwe na kuwashwa mbele ya mwenye jengo. Matokeo yaandikwe.

Tatu, mchoro wa umeme wa jengo, ule wa mwisho unaoonyesha waya zilipopita kweli, ubandikwe ndani ya mlango wa tablo kubwa. Ni karatasi moja tu. Fundi atakayekuja usiku miaka 10 baadaye, jengo likiwa gizani, ataibariki.

Nne, kampuni kubwa zinazojenga mjini zirudishe ngazi. Sheria ya Februari 2017 juu ya kazi za mikataba midogo katika sekta binafsi inataka kazi hizo zipewe kampuni za Wakongomani. Hiyo ni nafasi kubwa kwa wahandisi wa hapa, lakini nafasi bila ujuzi inageuka jina la kukodisha: kampuni inaandikwa kwa jina la Mkongomani, na kazi inafanywa na wengine. Kila mkataba mkubwa ungeweza kubeba vijana wawili au watatu wa chuo, walipwe, wawekwe chini ya mhandisi mkubwa kutoka msingi hadi kuwasha. Wazee wa Gécamines na SNEL waliobaki, wale wenye daftari zao sandukuni, waitwe kufundisha hata siku moja kwa wiki kabla hawajaondoka na yote wanayoyajua.

Tano, na hili halihitaji serikali: mwenye jengo mwenyewe abadilishe mpangilio wa kazi. Siku anapokaa na msanifu mara ya kwanza, kiti cha tatu kiwe cha mhandisi wa umeme.

Kazi hii haina sifa nyingi. Jengo likisimama vizuri, watu wanasifu msanifu. Lampi zikiwaka, hakuna anayeuliza nani aliyefanya hesabu. Mhandisi wa umeme anajulikana siku ya moto tu, na siku hiyo anatafutwa ili alaumiwe, hata kama hakuitwa kamwe. Vijana walioko Polytechnique wanaliona hilo, na ndiyo sababu wanatazama barabara ya Kolwezi. Ukitaka baadhi yao wabaki wakijenga Lubumbashi, waitwe mapema, walipwe kwa hesabu zao, na neno lao la "hapana" liheshimiwe na mwenye pesa.